Thamani ya Kitu na Mizani ya Kuipimia

Msomaji mpendwa, kila siku ya maisha yetu twapima vitu. Mama apima unga, seremala apima mbao, mwalimu apima maarifa ya wanafunzi wake, na rafiki apima maneno ya rafiki yake. Kupima ni kazi isiyokwisha, na hapana mtu asiyekuwa na mizani yake. Lakini aghalabu twasahau kujiuliza swali moja kabla ya kutamka hukumu: mizani tuliyoishika ni ya kupima nini? Pishi hupima nafaka, haiwezi kupima nguo. Na futi hupima nguo, haiwezi kupima nafaka. Mtu akienda dukani na futi kununua mchele, watu watamcheka. Walakini katika kupima thamani ya vitu, na hata thamani ya watu, twafanya kosa la namna hiyo hiyo, wala hatuchekwi, kwa sababu wale ambao wangetucheka nao wameshika futi kama sisi.

Nataka tulichungue jambo hili kwa kutazama kitu kidogo sana, ambacho huenda wazee wako wakakiita mchezo wa watoto. Ni zile sanamu ndogo zenye viungo, zinazobuniwa Japani kwa mfano wa mashujaa wa filamu za katuni za nchi hiyo ziitwazo anime. Nimechagua kitu kidogo makusudi. Jambo kubwa hutisha, na macho yaliyotishika hayaoni sawasawa. Lakini kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono twaweza kukigeuza pande zote bila ya hofu.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Tangu ujana wangu nimezipenda hadithi hizi za Kijapani. Tulizitazama katika sahani za DVD tulizoazimana mtaani, mpaka sahani zikachubuka na picha zikawa zarukaruka. Nilipotoka chuo cha ualimu na kupata mshahara, nilianza kununua sanamu za mashujaa wale, moja kwa mwaka, na mwaka mwingine nisinunue hata moja. Sikuwa na nyingi, lakini nilisoma sana habari zake, na katika shule ya kutwa niliyofundisha wanafunzi walinijua kuwa mtu awezaye kupambanua sanamu halisi na ya kughushi.

Mwisho wa muhula mmoja, chama cha wachoraji cha shule kilifanya maonyesho madogo. Kijana wa kidato cha pili alileta sanamu ya Goku, shujaa wa hadithi ya Dragon Ball, aliyevaa vazi lake la rangi ya chungwa. Aliisimamisha juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, mguu mmoja mbele, vitanga viwili vimekutana ubavuni kama mtu akusanyaye nguvu. Wenzake walimzunguka. Mmoja akasema, "Hii si ya kweli." Mwingine akasema ni ya kweli. Mabishano yakazidi, wakaniita niamue.

Nikaichukua, nikaigeuza, nikaikunja goti na kuinua bega. Hukumu yangu haikuchukua dakika moja. Nikasema mbele ya wote, "Hii ni bandia. Haina thamani." Wengine wakacheka. Kijana hakunijibu. Alinyosha mkono, akaipokea sanamu yake kwa adabu, akaitia katika mfuko wa sweta, na meza ikabaki na nafasi tupu baina ya picha mbili.

Nilikuwa nimesema maneno mawili. Neno la kwanza lilikuwa kweli. Neno la pili lilikuwa hukumu niliyoitoa bila ya kujua nimeshika mizani gani. Siku ile sikulitambua kosa hilo. Nilikwenda zangu nikiona fahari kwa ujuzi wangu. Ili upate kuelewa kwa nini neno la kwanza lilikuwa kweli na la pili likawa dhuluma, yafaa kwanza tujue sanamu hizi ni kitu gani, na wajuzi huzipimaje.

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza sanamu ya askari, jina lake G.I. Joe, yenye kimo cha sentimita 30 hivi na viungo vya kukunjika. Kwa hakika ilikuwa mwanasesere, lakini wauzaji walichelea kwamba wavulana hawatamtaka mwanasesere, wakalibuni jina jipya la kumwita: sanamu ya vitendo. Mbegu hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1972 kampuni ya Takara ya Japani ilitoa sanamu yenye mwili wa plastiki ipenyayo nuru, iliyotokana na umbo la askari yule. Na mwaka 1974 ikatoa Microman, sanamu za kimo cha sentimita 10 tu, ambazo ijapokuwa ni ndogo zilikuwa na viungo vingi. Katika karne hii ufundi huo ulikua upesi. Kaiyodo, iliyoanza mwaka 1964 kama duka dogo la vifaa vya kuundia mifano katika mkoa wa Osaka, ilitoa sanamu za Revoltech mwaka 2006, ambazo viungo vyake hutoa sauti na kushika kila vikunjwapo. Mwaka 2008 zikatoka sanamu za figma za Max Factory, na S.H.Figuarts za Bandai. Nyingi ya hizi zina kimo cha sentimita 14 au 15. Penseli mpya huzipita kwa urefu.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Sanamu ya namna hii haitoki mtini kama embe. Kwanza kampuni huomba idhini kwa mwenye hadithi. Kisha msanii huchonga mfano, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta. Mfano huo hupakwa rangi na kuonyeshwa kwa mwenye hadithi, ambaye aweza kuukataa. Ukikubaliwa, huchongwa kalibu za chuma, na plastiki iliyoyeyushwa hushindiliwa ndani yake. Hutumiwa plastiki za namna mbalimbali: laini kwa nywele na mavazi, ngumu kwa viungo. Hata macho ya sanamu, ambayo hayazidi punje ya mtama, huchapwa kwa mashine, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kurudia mstari mwembamba vile mara elfu bila ya kutetemeka.

Fundi wa sanamu yenye viungo ana shida mbili ambazo fundi wa sanamu ya kawaida hazijui. Shida ya kwanza ni kwamba mchoraji wa katuni huchora uso upendezao ukitazamwa kwa mbele, na huchora uso upendezao ukitazamwa kwa ubavu, wala nyuso hizo mbili hazipatani, karatasi haijali. Lakini plastiki ni moja, na fundi hana budi kuzipatanisha ndani yake. Shida ya pili ni kubwa zaidi. Kila kiungo anachokitia ni jeraha katika umbo. Akikata bega ili mkono uinuke, amekata pia mstari mzuri wa bega. Akiuhifadhi mstari, mkono hauinuki. Kwa hiyo uzuri na mwendo hushindana katika kila sentimita ya mwili ule, na ufundi ni kuvisuluhisha.

Kwa sababu hii mjuzi huuliza maswali machache. Je, sura ni ya shujaa yule anayejulikana? Je, viungo hukunjika kadiri gani, na vikikunjwa hushika? Je, rangi imekaa ndani ya mipaka yake? Je, mishono ya kalibu imefichwa? Je, sanamu husimama kwa miguu yake, au ina kiguzo cha kuishikilia? Je, nyuso na vitanga vya kubadilisha huingia na kutoka bila ya kukwaruza? Hii naiita mizani ya ufundi. Ni mizani ya haki, nayo hufundishika. Sanamu ya kijana yule ilishindwa kila swali. Mshono wa kalibu ulionekana katika paja, rangi ya vazi ilipanda shingoni, jicho moja lilikuwa juu ya jingine, na bega la kushoto lilining'inia. Katika nyayo zake haikuwako alama ya mwenye haki. Niliposema ni bandia sikukosea.

Wala sitaki udhani kwamba kughushi ni jambo dogo. Anayeghushi huiba mara mbili: huiba jasho la msanii, na huiba imani ya mnunuzi. Huko Japani liko tamasha liitwalo Wonder Festival, lifanyikalo mara mbili kwa mwaka katika ukumbi wa Makuhari Messe, mkoani Chiba, karibu na Tokyo. Watu wasio na kampuni wala kiwanda huja kuuza sanamu walizochonga nyumbani mwao. Watu hao huombewa idhini kwa wenye hadithi, idhini ya siku moja tu. Siku ile ikiisha, ruhusa ya kuuza imekwisha. Tazama uungwana wa jambo hili: mtu ana sanamu chache alizozifanya kwa mikono yake mwenyewe, na hata hivyo huomba ruhusa kabla ya kuziuza, kwa kuwa shujaa yule alizaliwa katika fikira za mtu mwingine. Aliyezaa fikira za Goku ni Akira Toriyama, aliyeanza kuichora hadithi yake mwaka 1984 na kufariki dunia mwaka 2024. Ukilijua hilo, huwezi kusema kwamba halisi na bandia ni mamoja.

Mizani ya pili ni ya soko. Hii haiulizi kitu kimefanywa vipi. Huuliza tu ni nani anakitaka, na viko vingapi. Katika Nakano Broadway, jengo la maduka lililofunguliwa Tokyo mwaka 1966, ambamo duka la Mandarake lilianza kuuza vitabu vya katuni vilivyotumika mwaka 1980, leo utaona makabati ya vioo yaliyojaa sanamu za zamani, kila moja na bei yake. Sanamu mbili zilizotoka katika kalibu moja, kwa plastiki moja na rangi moja, zaweza kuwa na bei mbalimbali, kwa sababu moja ina kasha lake na nyingine haina. Wako wauzaji wa vitu vilivyotumika ambao huandika alama mbili: moja ya sanamu na nyingine ya kasha. Kasha la karatasi hupewa alama yake kama mtahiniwa.

Hapa ndipo lizukapo swali linalowagawanya wakusanyaji dunia nzima: je, kasha lifunguliwe au lisifunguliwe? Asiyefungua asema kwamba akifungua ameipunguza bei. Afunguaye asema kwamba kiungo kimefanywa ili kikunjwe, na sanamu yenye viungo ishirini ikifungwa maisha yake yote katika kasha, viungo vile vimefanywa bure. Mimi niko pamoja na huyu wa pili, na plastiki yenyewe yanishuhudia. Plastiki laini hutiwa mafuta ya kuilainisha, na ikifungiwa muda mrefu mahali pasipo hewa, mafuta yale hutoka juu ya ngozi yake, sanamu ikawa yanata kama iliyotoka jasho. Viungo visivyokunjwa huweza kugandamana kwa rangi, hata siku ya kwanza ya kukunjwa ikawa siku ya kuvunjika. Ndiyo maana wajuzi huvilainisha kwanza katika maji ya moto. Ni kweli pia kwamba kiungo kikunjwacho kila saa hulegea. Lakini kulegea kwa kazi na kuvunjika kwa uvivu si kitu kimoja.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata hivyo simwiti asiyefungua mpumbavu. Kama ni mfanyabiashara, anafanya biashara yake, na mizani ya soko ndiyo mizani yake halali. Kosa lake litaanza siku atakaposema kwamba yeye ndiye aipendaye sanamu ile kuliko kijana aliyeifungua na kuichosha. Hapo atakuwa amechukua kipimo cha mizani moja na kukitangaza kuwa ni cha mizani nyingine. Na hilo, msomaji, ndilo kosa nililolifanya mimi.

Muhula uliofuata niliwapa kidato cha pili insha ya kuandika: "Kitu nikipendacho nyumbani kwetu." Usiku nilikuwa nikisahihisha, kalamu nyekundu mkononi, nikafika kwenye daftari la kijana yule. Aliandika habari za sanamu yake. Mama yake alikuwa akifanya kazi za nyumbani Doha, nchini Qatar, kwa mwaka wa tatu. Siku moja ya mapumziko aliingia dukani na picha katika simu yake, akamwonyesha muuzaji, akauliza, "Mnaye huyu?" Hakujua kwamba wako Goku wa kweli na Goku wa uongo. Alijua kwamba mwanawe anampenda Goku.

Kijana akaeleza kwamba kila Jumapili, kabla ya mama kupiga simu, aliipinda sanamu katika umbo jipya, na simu ikija aliionyesha. Mama alitakiwa akisie: leo Goku anafanya nini? Anaruka? Anaomba? Anafua nguo? Jumapili moja aliiinamisha, mikono chini, na mama akasema bila ya kufikiri, "Anapiga deki." Wakacheka wote wawili mpaka muda wa simu ukaisha. Kisha insha ikamalizika kwa sentensi mbili: "Siku hizi siiwekei umbo jipya. Nilimwambia mama kwamba imevunjika."

Insha ile ilikuwa na makosa manne ya sarufi. Niliyaona yote manne, na mkono wangu haukuweza kuyatia alama.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtihani mzuri ni ule upimao kile ulichokusudiwa kukipima. Swali la hesabu likiandikwa kwa Kiingereza kigumu mno, halipimi tena hesabu, lapima Kiingereza. Mwanafunzi akishindwa, mwalimu asiyeangalia ataandika kwamba mtoto huyu hajui hesabu, na atakuwa amesema uongo kwa nambari. Nilikuwa nimelisoma somo hilo, nimelifanyia mtihani na kulifaulu. Na bado nilisimama mbele ya meza ile, nikapima mishono na rangi, kisha nikatangaza thamani.

Iko basi mizani ya tatu, nayo hupima kile ambacho kitu kimekuwa baina ya watu. Sijui jina lake bora. Wengine wataiita mizani ya moyo. Usidhani kwamba mizani hii ni ya watu wasiojua ufundi. Katika Tokyo hiyo hiyo yenye makabati ya vioo na alama za makasha, katika bustani ya Ueno, liko hekalu dogo la Kiyomizu Kannon-do. Kila mwaka, tarehe 25 Septemba, hufanyika hapo ibada ya wanasesere. Watu huleta wanasesere wao waliochakaa, ambao hawawezi kuwatupa jalalani kama taka, na makuhani huwasomea sala ya shukrani kabla ya kuwachoma. Hapana atazamaye mshono wa kalibu siku ile, wala aulizaye kasha liko wapi. Taifa lililobuni mizani kali kuliko zote ya kupimia sanamu halikuitupa mizani hii nyingine. Limeziweka zote mbili, kila moja mahali pake.

Lakini mtu aweza kunipinga na kusema, "Mwalimu, wewe wataka kutufundisha uongo. Akipenda, chongo huita kengeza. Kama kila mtu atakipima kitu chake kwa moyo wake, bandia itakuwa halisi, na mwizi wa kazi za watu atapata heshima." Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuikimbia. Jibu langu ni kwamba methali hiyo yamlaumu yule aitaye chongo kengeza, haimlaumu yule asemaye, "Huyu ana chongo, nami nampenda." Wa kwanza amechanganya mizani, wa pili amezishika mbili, na kila moja imesema kweli. Upendo wa mama hauwezi kuinyosha rangi iliyopanda shingoni, wala haumrudishii msanii haki yake. Kadhalika, rangi iliyopanda shingoni haiwezi kuupunguza upendo wa mama hata kwa uzito wa unyoya. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyeghushi sanamu ile ana deni. Mama aliyeinunua kwa jasho lake hana deni la mtu. Mimi nilimdai yule asiyekuwa na deni.

Nilimwita kijana baada ya masomo. Sikutaka kumwambia kwamba sanamu yake ni halisi, kwa sababu hilo lingekuwa kosa la pili juu ya kosa la kwanza. Nikamwambia, "Sanamu yako ni bandia. Neno hilo silirudishi. Lakini nilisema pia kwamba haina thamani. Neno hilo sikulijua, wala halikuwa langu kulisema. Nisamehe." Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mwalimu, bega lake laweza kukazwa?"

Nikamwambia laweza. Siku ya pili alikuja nayo. Tulilitoa bega la kushoto, tukalipaka kitufe chake tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi, tukaliacha likauke mpaka jioni, kisha tukalirudisha. Mkono ukainuka, ukakaa pale tulipouweka. Ni dawa ndogo ambayo wakusanyaji wote waijua. Nilikuwa nikiijua siku ile ya maonyesho vile vile, wala haikunijia akilini kuitoa, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika kutoa hukumu.

Baadaye nikakumbuka kwamba hukumu niliitoa mbele ya watu, na toba nimeitoa faraghani; na hiyo si haki, kwa maana aliyevunjiwa heshima barazani hatengenezewi chumbani. Kwa hiyo chama cha wachoraji kilipokutana tena, nilisimama nikawaambia wanafunzi kwamba nilikosea, na nikaeleza nilikosea wapi, bila ya kutaja habari za mama yake, ambazo zilikuwa zake mwenyewe. Wanafunzi hawakucheka. Mmoja aliuliza, "Sasa tutajuaje thamani ya kitu?" Nikamjibu kwamba swali hilo ni kubwa kuliko mimi, lakini ninajua tuanzie wapi: tuseme kwanza tumeshika mizani gani.

Msomaji mpendwa, huenda usimiliki sanamu hizi maishani mwako, wala huna haja ya kuzimiliki. Lakini utapima na utapimwa. Hivi karibuni utaketi katika chumba cha mtihani, na baada ya wiki kadhaa utapewa karatasi yenye alama. Ipokee kwa heshima, maana ni kipimo cha haki cha kile ilichokusudiwa kukipima: maswali yale, siku ile, kwa saa zile. Ikiwa alama ni chache, usiseme karatasi yasema uongo. Tengeneza bega lililolegea. Lakini kama mtu, awe ni mwalimu au jirani au wewe mwenyewe, ataichukua karatasi ile na kusema, "Basi mtu huyu hana thamani," mwulize kwa adabu ni mizani gani iliyomwambia hivyo.

Nawe utakapoletewa kitu cha mtu mwingine ukihukumu, kiwe ni shairi alilolitunga, au kiatu alichokishona baba yake, au sanamu ndogo iliyotoka mbali, kigeuze pande zote kama ujuzi wako ukuruhusuvyo. Sema kweli yote ya mizani uliyo nayo. Kisha, kabla ya kuongeza neno moja zaidi, uliza kilitoka kwa nani.